Waya Mmoja Ulioifundisha Kompyuta Herufi Ndogo

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu katika chumba cha redio anaijua karatasi ya ujumbe na jinsi inavyojazwa: herufi kubwa tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Desturi hiyo ina sababu yake. Mpokeaji huandika huku akisikiliza, pengine ndani ya hema, pengine kwa mwanga wa taa ya mafuta, na mwandiko wa kuunganisha ungemtesa atakayeusoma baadaye. Herufi kubwa iliyosimama peke yake haimpotezi msomaji.

Lakini hebu tuutazame ujumbe huu, ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya mfano: JANA USIKU SIMBA ALIPITA KARIBU NA GHALA LA SILAHA. Je, aliyepita ni mnyama au ni mtu? Watu waitwao Simba katika nchi zetu hizi si wachache. Kama jina lingekuwa Shida, kitenzi kingetusaidia, kwani mtu aitwaye Shida alipita, na shida ya dunia ilipita. Kwa Simba hakuna msaada huo, maana mnyama na mtu wote huchukua kiambishi kimoja. Basi ofisa wa zamu atume watu wa kuwinda, ama atume watu wa upelelezi? Ujumbe ungalikuwa na herufi ndogo, swali hilo lisingalizuka. Simba mwenye herufi kubwa ni mtu, na simba mwenye herufi ndogo ni mnyama.

Tumeanza na jambo hili la kambini kwa sababu wengi hudhani kwamba herufi ndogo ni pambo tu la maandishi. Ndivyo walivyodhani pia baadhi ya watengenezaji wa kompyuta za nyumbani huko Marekani mwaka 1977. Waliuza mashine zenye uwezo wa kukokotoa hesabu kwa haraka ya ajabu, kuchora picha na kutunza kumbukumbu, ila hazikuweza kuandika jina la mtu kama linavyoandikwa shuleni. Wanunuzi wenyewe ndio waliozifungua mashine hizo na kuzitengeneza upya, wakiwa na bisibisi, chuma cha kulehemu na kipande cha waya. Katika makala haya twapenda kueleza walivyofanya, hasa kwa mashine iitwayo Apple II.

URITHI WA SIMU ZA MAANDISHI

Kosa halikuanza na kompyuta. Alama za Morse, ambazo askari wa mawasiliano walizitumia kwa vizazi vingi, hazina herufi kubwa wala ndogo. A ni A tu. Zilipokuja mashine za teleprinta na teleksi, kila herufi ilipelekwa kwa mapigo 5 ya umeme, na kila pigo lilikuwa na hali mbili, ama lipo ama halipo. Mapigo 5 ya namna hiyo hutoa mipangilio 32 tu. Alfabeti hula 26, na kilichobaki hakitoshi hata tarakimu. Ndiyo maana teleprinta ilikuwa na alama maalumu ya kuiambia mashine ya upande wa pili, "sasa nakuletea tarakimu", na nyingine ya kuirudisha kwenye herufi. Mahali pa kuweka alfabeti ya pili hapakuwapo.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa mpango mpya wa alama uitwao ASCII, wenye mapigo 7 na nafasi 128. Ajabu ni kwamba toleo hilo la kwanza halikuwa na herufi ndogo ingawa nafasi zilikuwapo; ziliongezwa katika toleo la mwaka 1967. Waliozipanga walifanya kazi ya busara sana. A kubwa ina namba 65, na a ndogo ina namba 97. B ni 66, na b ni 98. Tofauti ni 32 kwa kila herufi, kuanzia A hadi Z, yaani pigo moja tu kati ya yale saba. Tunamwomba msomaji aishike hiyo 32, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwasaidia wale wenye bisibisi.

Mwaka ule wa 1963 ndipo ilipotoka pia teleprinta mashuhuri, Teletype Model 33, iliyochapa herufi kubwa peke yake kwa mwendo wa herufi 10 kwa sekunde. Mashine hiyo ilikuwa rahisi kuipata, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotumiwa kuzungumza na kompyuta. Vijana waliojifunza kompyuta miaka ya 1960 na 1970 walizoea kuona herufi kubwa tu. Walipoanza kuunda kompyuta zao wenyewe, hawakuona kasoro yoyote katika jambo hilo.

UCHUMI WA CHIPU MOJA

Mwaka 1977 zilitokea sokoni kompyuta tatu ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua zikiwa tayari zimeundwa: Commodore PET, Apple II na TRS-80. Hiyo PET tuipe haki yake, maana ilikuja na herufi ndogo tangu mwanzo kwa mwenye kujua kuziita. Zile mbili hazikuwa nazo.

Habari ya TRS-80 inafundisha namna uchumi mdogo unavyoweza kuleta usumbufu mkubwa. Mashine hiyo iliuzwa kwa dola 599.95 pamoja na kioo chake na kinasa sauti cha kaseti. Kioo kilionyesha mistari 16 ya herufi 64, yaani nafasi 1,024. Kumbukumbu ya kioo ilitengenezwa kwa chipu ndogo ambazo kila moja ilibeba pigo moja kwa kila nafasi. Chipu 8 zingetosha kubeba kila kitu. Watengenezaji waliweka 7. Kwa kuacha chipu moja waliokoa kiasi cha dola moja na nusu katika kila mashine, na pigo lililokosekana ndilo hasa lililohitajika ili kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kibodi yenyewe iliweza kutoa namba za herufi ndogo, ila zilipofika kwenye kumbukumbu ya kioo hazikuwa na pa kukaa.

Wenye mashine hizo walinunua ile chipu ya nane kwa fedha zao. Waliikunja baadhi ya miguu yake, wakaipandisha juu ya mgongo wa chipu mojawapo iliyokuwamo, wakalehemu mguu kwa mguu, kisha wakaunganisha ile miguu iliyokunjwa kwa nyaya mahali pake. Mwandishi wa programu iitwayo Electric Pencil, Michael Shrayer, ambaye mwaka 1976 alikuwa ametoa programu ya kwanza ya kuandikia barua kwa kompyuta ndogo, aliwaeleza wanunuzi wa toleo la TRS-80 kwamba wakitaka herufi ndogo, hapana budi mashine ifunguliwe. Programu iliyomtaka mnunuzi awe fundi!

KITUFE KISICHOSIKIKA

Apple II ilikuwa na tatizo la namna nyingine, na ndilo linalotuvutia zaidi. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Juni 1977 kwa dola 1,298 kwa ile yenye kumbukumbu ndogo kabisa, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kibodi yake ilikuwa na vitufe 52, na kati yake kulikuwa na vitufe viwili vya Shift, kushoto na kulia, kama vile vilivyomo katika taipu ya karani wa kituo chochote cha polisi. Mwenye kuvitazama angedhani kila kitu kiko sawa.

Haikuwa hivyo. Ukibonyeza A, kibodi ilituma 65. Ukishika Shift na kubonyeza A, kibodi ilituma 65 vilevile. Kitufe cha Shift kilifanya kazi kwenye tarakimu na alama, kwa mfano kugeuza 1 kuwa alama ya mshangao, lakini kwenye herufi nyingi hakikuwa na la kusema. Programu iliyokuwa ikisubiri ndani ya mashine haikuweza hata kujua kwamba kidole cha mwandishi kimeshika Shift. Hali hiyo twaweza kuifananisha na mlinzi wa lango aliyemwona mgeni akapaza sauti, na simu yake imekatwa waya.

Waandishi wa programu walijaribu kupita njia za pembeni. Paul Lutus, katika programu yake Apple Writer ya mwaka 1979, alitumia kitufe cha ESC mahali pa Shift: unabonyeza ESC kwanza, ndipo unabonyeza herufi unayotaka iwe kubwa. Kwa kuwa kioo nacho hakikuweza kuonyesha herufi ndogo, maandishi yote yalionekana makubwa, ila zile zilizokusudiwa kuwa kubwa kweli zilionyeshwa nyeusi juu ya mraba mweupe. Ilikuwa hila nzuri. Hata hivyo, karani aliyezoea taipu kwa miaka kumi vidole vyake vina akili yake. Kidole kidogo huenda kwenye Shift kabla kichwa hakijafikiri. Kumtaka apeleke mkono kwenye ESC kila jina la mtu na kila mwanzo wa sentensi ni kumrudisha darasa la kwanza.

Hapo ndipo ulipotokea ule waya.

Nyuma ya bodi kuu ya Apple II, upande wa kulia, kulikuwa na soketi ndogo yenye matundu 16. Iliwekwa kwa ajili ya michezo, kwani hapo ndipo vilipochomekwa vishikizo vya kuchezea. Soketi hiyo ilikuwa na njia tatu za kupokea habari za vitufe vya vishikizo, na programu yoyote iliweza kuzisoma muda wowote. Vishikizo vya kawaida vilikuwa viwili, kila kimoja na kitufe chake, na kwa hiyo njia ya tatu mara nyingi ilikaa bure. Mtu fulani mwenye akili alitambua kwamba njia hiyo isiyo na kazi yaweza kupewa kazi ya kuripoti habari za Shift.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ilizimwa. Kifuniko cha Apple II kilibanduliwa kwa mikono tu, na hii ni sifa ambayo mafundi waliipenda sana. Fundi aligusa kwanza sanduku la chuma la mtambo wa umeme ili mwili wake usipeleke umeme tuli kwenye chipu, kwani cheche ndogo isiyoonekana yatosha kuiua chipu. Kisha aliufikisha waya mwembamba kwenye mguu wa kitufe cha Shift upande wa ndani wa kibodi. Wengine waliulehemu, na wengine, kwa kuogopa chuma cha moto, walitumia kibanio kidogo. Ncha ya pili ilipelekwa nyuma hadi tundu la 4 la soketi ya michezo. Kifuniko kikarudishwa. Kwa mwenye mkono mtulivu, kazi hiyo haikuchukua muda mrefu, ingawa aliyelehemu ndani ya mashine yake hakuweza tena kutegemea dhamana ya muuzaji.

Tangu hapo, Shift ilipobonyezwa, umeme katika waya huo ulishuka hadi sifuri. Ilipoachwa, ulipanda tena. Programu iliitazama njia hiyo katika anwani namba 49251. Mwenye kujua lugha ya BASIC aliandika PEEK(49251). Akipata 128 au zaidi, Shift haijabonyezwa. Akipata chini ya 128, imebonyezwa. Baada ya hapo ile 32 tuliyoitaja ilifanya kazi yake: kibodi ikileta 65, programu inaitazama njia ya waya, kama Shift haijabonyezwa inaongeza 32 na kupata 97, yaani a ndogo, kama imebonyezwa inaiacha 65 ilivyo. Kibodi yenyewe haikubadilika hata kidogo. Iliendelea kusema 65 siku zote, na ukweli uliobaki ulipita mlango wa nyuma.

Zilikuwapo herufi tatu korofi. Katika Apple II, Shift pamoja na M ilitoa mabano ya mraba ya kufungia, Shift na N ilitoa alama ya kikofia, na Shift na P ilitoa @. Kwa Mwingereza huenda hilo lilikuwa usumbufu mdogo. Kwa mwandishi wa Kiswahili, ambaye majina yake mengi ya watu na ya mahali huanza na M na N, lingekuwa balaa: Mbarara ingeandikwa ]barara, Nebbi ingeandikwa ^ebbi, na Pallisa ingeandikwa @allisa. Kwa hiyo programu ilipaswa kufundishwa kwamba ikiona alama mojawapo kati ya hizo tatu na huku waya unasema Shift imebonyezwa, basi alichotaka mwandishi ni herufi kubwa. Mabano yenyewe yalitafutiwa kitufe kingine.

MAANDISHI YA AJABU KIOONI

Msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia hapo. Waya ulitengeneza upande wa kuandika. Upande wa kuona ulikuwa bado. Chipu iliyochora herufi kwenye kioo cha Apple II ilibeba michoro 64 tu: herufi kubwa, tarakimu na alama. Ilitazama mapigo 6 ya mwisho na kupuuza lile lililobaki. Namba ya herufi ndogo ilipofika, chipu hiyo ilichora alama nyingine yenye mapigo 6 yanayofanana. Mahali pa a ilichora alama ya mshangao. Mahali pa s ilichora 3. Mwandishi aliyeandika neno askari alijibiwa na kioo hivi: !3+!2). Akiandika polisi aliona 0/,)3). Mtu asiyejua angesema ni maandishi ya siri.

Jambo la kuchekesha ni kwamba ndani ya kumbukumbu neno lilikuwa sahihi kabisa. Mwandishi akilipeleka kwenye mashine ya kuchapa yenye herufi ndogo, kama Epson MX-80 iliyotoka mwaka 1980, karatasi ilitoka safi, askari wakiwa askari na polisi wakiwa polisi. Mwenye moyo wa subira aliweza kuandika barua nzima bila kuona alichoandika.

Dawa ilikuwa kubadili chipu ya michoro. Wafanyabiashara wadogo waliuza chipu mpya zenye alfabeti zote mbili. Katika bodi za baadaye chipu iling'olewa tu na nyingine ikachomekwa mahali pake. Bodi za zamani zilihitaji kipande kidogo cha bodi cha kuunganishia. Hata hapo uzuri ulikuwa wa kiasi. Kila herufi ilipewa nafasi ya nukta 7 kwa upana na 8 kwa kimo, ikiwa ni pamoja na uwazi wa kuitenga na jirani yake, na herufi zenye mkia, kama g, j, p na y, zilipata mstari mmoja tu wa nukta chini ya mstari wa maandishi. Kiswahili kina mikia mingi. Andika neno "jogoo" au "pigapiga" katika nafasi hiyo, utaona mikia yote imekatwa kama ya mbwa wa doria.

Kuna na shida nyingine ndogo ya kibodi hiyo ambayo hatuwezi kuipita. Katika mashine za mwanzo kitufe cha RESET kiliwekwa juu tu ya RETURN. Mwandishi aliyemaliza mstari akakosea kwa upana wa kidole kimoja, programu yake ilikatizwa papo hapo. Watu waliweka mpira mdogo wa duara chini ya kitufe hicho ili kiwe kigumu kubonyea. Mashine za baadaye zilitaka RESET ibonyezwe pamoja na kitufe kingine.

Kwa karibu miaka sita, tangu 1977 hadi mwanzoni mwa 1983, Apple II na ndugu yake Apple II Plus ziliendelea kuuzwa bila herufi ndogo. Katika muda huo ule waya uligeuka kuwa sheria isiyoandikwa na mtu. Hakuna kiwanda kilichouamuru. Lakini waandishi wa programu za kuandikia, mmoja baada ya mwingine, walikubali kuitazama anwani ile ile 49251, na fundi aliyefunga waya mara moja alijua kwamba programu atakayoinunua mwakani huenda ikamwelewa. Kama kila mmoja angechagua tundu lake, mashine zingejaa nyaya na hakuna programu ambayo ingeaminika. Waliokuwa na fedha zaidi walinunua bodi nzima ya kubadili tabia ya kibodi, kama ile iliyouzwa na kampuni ya Videx ya Oregon. Wengi walibaki na waya wao.

Januari 1983 ilitoka Apple IIe, kwa dola 1,395. Kibodi yake ilikuwa na vitufe 63, Shift ilifanya kazi kama inavyofanya katika taipu, na kioo kilionyesha alfabeti zote mbili. Mtu angetazamia kwamba ule waya sasa usahauliwe. Lakini programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake bado zilikuwapo mikononi mwa watu, na zilikuwa zikiulizia njia ya tatu ya soketi ya michezo. Watengenezaji waliliona hilo. Katika bodi ya mashine mpya waliacha vidoa viwili vya shaba vilivyokaribiana, vikiwa na jina X6. Tone moja la risasi ya kulehemia likiviunganisha, Shift inaripoti kwenye 49251 sawasawa na zamani, bila ya waya.

Wapenzi wa mashine kuukuu wanaozifufua leo hufanya kazi zote mbili, waya katika zile za 1977 na tone la risasi katika zile za 1983. Kitabu cha ufundi cha mashine hiyo ya pili kina onyo ambalo yafaa walizingatie. Kitufe cha kishikizo cha michezo huipandisha njia ile ya tatu hadi volti 5. Shift huishusha hadi sifuri. Atakayefunga tone la X6 kisha akabonyeza vyote viwili kwa wakati mmoja, atakuwa ameukutanisha umeme na ardhi moja kwa moja. Mtambo wa umeme hutambua hatari hiyo na kujizima, na kila alichokuwa ameandika bila kukihifadhi, kwa herufi kubwa au ndogo, hupotea.